Mlango wa Kutokea wa Kliniki ya Meno

Tangu niwaachie ufunguo wa atelie, karakana yetu, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza jambo lile lile: ile kliniki ya meno mliipangaje? Hakuna anayeuliza habari za saluni nilizopaka rangi mpaka ukucha ukabadilika, wala za maduka ya dawa ambayo rafu zake bado zimesimama wima kuliko wenye maduka. Basi nimekaa kwenye baraza yangu Mangobo, hapa Kisangani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, niwaandikie ninyi mnaobaki na nyundo. Juu ya malipo sitasema neno. Mnaujua mji wetu. Nitasema juu ya kiti, mlango na macho ya watu.

Jina la Mama Rido nililipata kabla sijajua kushika msumari. Rido ni mapazia, na mapazia ndiyo yaliyonilisha nilipokuwa msichana. Siku ya kwanza nilifika kwa Papa Kasongo, seremala wa karibu na soko, nikiwa na cherehani kichwani. Alikuwa anatengeneza rafu za duka la dawa na mwenye duka alitaka pazia la dirisha. Niliomba vipimo. Papa Kasongo akanisukumia kigoda.

"Keti."

"Papa, niko na haraka."

"Mutu iko na haraka, ashone kanzu. Nyumba ya mutu inataka mutu mwenye kukaa. Keti."

Nikaketi mahali ambapo mwenye duka angeketi. Jua la saa tisa likanipiga machoni kama mtu aliyenidai. Akanihamishia mahali ambapo mnunuzi angesimama. Kutoka pale sikuona dawa hata moja, niliona mgongo wa rafu. Siku ile sikushona pazia. Tuligeuza meza, tukazungusha rafu, na jua likabaki bila mtu wa kumpiga. Mwenye duka alilalamika wiki nzima kwamba aliagiza pazia akapewa meza. Kisha akaanza kuwaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake, na hapo ndipo tulipojua kwamba kazi ni nzuri.

Kigoda kile cha kukunja ndicho kinachoning'inia sasa kwenye msumari wa atelie yenu. Si pambo. Kabla ya kuchora mstari, nendeni nacho mkaketi kila mahali ambapo mtu ataketi, mkasimame kila mahali ambapo mtu atasimama, na pale ambapo mtu atalala, laleni. Chombo cha pili ni mpira wa maji: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, maji ndani yake, na watu wawili wanaopatana. Ukiwekwa ncha moja ukutani huku na nyingine kule, maji yatawaambia usawa ulipo. Nimeona mafundi wakigombana juu ya usawa mpaka jioni. Maji hayakuwa na kosa.

Miaka ikaenda. Tulipanga saluni, maduka ya dawa, ofisi ya mawakili ambao walitaka viti vyao viwe virefu kuliko vya wateja. Tulipanda mashua mpaka Yangambi kuweka makabati kwa watafiti wa mbegu, na kule mto ulinifundisha somo ambalo hakuna mwalimu angenifundisha: kabati likigusa ukuta, ukuta hulila. Acheni nafasi ya vidole viwili nyuma, hewa ipite. Watafiti walishangaa kuona kabati limesimama mbali na ukuta kama wagomvi. Makabati ya jirani yao yaliota uyoga. Yetu hayakuota.

Ndipo akaja Docta Furaha.

Alikuwa binti wa watu wa Maniema, amezaliwa hapa hapa Kisangani, akaenda Kinshasa kusoma meno na akarudi. Kurudi ndiko kulikowashangaza watu. Tonton wake, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa na nyumba Makiso, karibu na mabenki: chumba kirefu mbele, chumba kipana nyuma, na kiwanja kidogo cha pembeni chenye geti linalofungukia kichochoro. Alimpa nyumba ile aijaribu. Lakini kampuni ya vinywaji nayo ilikuwa inaitaka iwe depo ya bia, na tonton hakuficha.

"Furaha, mwanangu, niko nakupenda," alimwambia mbele yangu. "Lakini nyumba iko nyumba. Mvua zikiisha na viti vyako viko vitupu, makreti yanaingia."

Docta alikuwa amenunua kiti cha kutibia kilichopanda mto kwa baleinyera, ile boti ndefu ya mbao, kikiwa kimefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Kama kliniki ingekufa, angerudi Kinshasa kufanya kazi chini ya wengine, na mji wetu ungebaki na wale wanaong'oa meno sokoni kwa koleo na maji ya chumvi. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Kwake lilikuwa maisha yake. Kwangu mimi, mshona mapazia, ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa nyumba yote ya ndani, kuanzia sakafu hadi dari, na kuniambia: ipange.

Jambo la kwanza nililofanya ni kulala kwenye kile kiti. Docta alifikiri nimechoka.

"Mama Rido, uko mugonjwa?"

"Niko napima."

Mtu anayetibiwa jino haoni kuta, haoni sakafu. Anaona dari. Na dari ya nyumba ile ilikuwa ya tripleksi, ubao mwembamba wa tabaka, iliyonyeshewa, yenye doa la kahawia juu ya kiti lililofanana kabisa na jino bovu lenye mizizi mitatu. Hata mimi ambaye sikuwa na maumivu nilianza kuyasikia. Tuling'oa dari yote. Tukapiga tripleksi mpya, tukaipaka rangi ya mafuta ambayo kitambaa chenye dawa hakiivui, na nikamwita mchoraji wa mabango ya sokoni. Nilimwambia achore mji wetu kama ndege anavyouona: mto, kivuko, paa za bati, soko. Nikamwambia aingize humo makosa ya kuchekesha, mgonjwa apate kazi ya kuyatafuta. Akachora mbuzi anaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na abiria nyuma ni polisi. Akachora samaki amebeba mvuvi kwenye kapu. Docta alinilaumu baadaye: "Mama, banacheka, mukono yangu inatikisika." Nilimjibu kwamba katika kazi yake hilo ndilo lalamiko zuri kuliko yote.

Naye alinifundisha mengi, na ninyi mjifunze kwake kupitia kwangu. Nilitaka sinki iwe karibu na mlango kwa sababu bomba lilikuwa hapo. Akakataa. Akanionyesha kwa mikono njia ya vyombo: hapa vinatoka kinywani, vichafu, hapa vinaoshwa, hapa vinachemshwa, hapa vinapumzika, safi, hapa vinarudi kinywani. "Kichafu na kisafi bisikutane njiani," alisema, "hata kwa kusalimiana." Tukapanga meza ya saruji upande mmoja wa chumba, safari ya mstari mmoja isiyorudi nyuma, na pembe zote za chini tukaziviringisha ili ufagio usiache kitu. Kompresa, ile mashine ya hewa inayonguruma kama pikipiki iliyozama, tuliitoa nje tukaijengea kibanda chenye mlango uliojazwa pumba za mbao. Tangi la maji tuliliinua juu ya nguzo, umeme ukikatika maji yashuke yenyewe. Kuta za chumba cha kungojea nilizipaka rangi ya jani changa la muhogo hadi usawa wa bega, kwa sababu bega ndilo linalochafua ukuta, wala si mkono kama mnavyodhani.

Kisha tukafikia milango, na hapo ndipo sote wawili tulipokuwa werevu kupita kiasi.

Hofu ya Docta ilikuwa hii: mgonjwa anayeng'olewa jino hutoka na pamba mdomoni, mate yanamchuruzika, kidevu kina damu. Akipita mbele ya wanaongoja, nusu yao wanakumbuka kwamba jino haliumi tena. Alikuwa ameona hivyo mahali alipojifunzia. Basi tukafanya mlango wa kuingilia kutoka chumba cha kungojea, na mlango wa kutokea upande mwingine, unaofungukia kiwanjani, na kutoka pale geti la kichochoroni. Anayengoja asione damu hata tone. Nilijivunia sana. Nilimleta Papa Kasongo aone. Wakati huo alikuwa mzee asiye na jino hata moja.

"Kazi iko muzuri," akasema. "Ni huruma sina kitu cha kumuletea docta."

Siku ya kufungua, viti vilijaa. Kama mjuavyo, kwetu mtu haendi kwa daktari peke yake. Mgonjwa mmoja ana mke, shemeji, jirani, na mwanamke wa kanisani aliyekuja kwa sababu alikuwa anapita. Mmoja wa wagonjwa wale alikuwa Papa Raphaël, fundi wa baiskeli, mtu mpole wa Mangobo. Mke wake, Mama Bernadette, muuza samaki mkavu, hakuwa na tabia hiyo. Sauti yake ilizoea kuvuka soko.

Papa Raphaël aliingia. Mke wake akakaza macho kwenye mlango. Aliyefuata akaitwa, akaingia. Akaitwa mwingine. Mama Bernadette akasimama.

"Docta! Bwana yangu iko wapi?"

Docta akachungulia, barakoa usoni. "Mama, ameisha kutoka."

"Kutoka wapi? Mimi niko hapa tangu asubui, macho iko kwa mulango. Aliingilia hapa. Mutu anatokea pale aliingilia!"

"Iko mulango ingine, mama, kule nyuma…"

"Nyuma!" Alilitamka neno hilo kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akatoa simu, akaweka sauti ya juu, chumba kizima kikasikia ikiita. Ikapokewa.

"Raphaël! Uko wapi?"

"Mmmh," ikajibu simu. "Mmmh! Mmmmh!"

"Raphaël, sema!"

"Mmmmh!"

Mama Bernadette akageukia watu, macho yamemtoka. "Munasikia? Banamufunga kinywa!"

Sitawaeleza yote. Vijana wa toleka waliokuwa barabarani walitupa baiskeli zao wakaingia. Kiti changu kimoja kilivunjika mguu, na kilikuwa cha mbao ngumu. Mimi nilikimbilia kichochoroni, na pale, chini ya ukingo wa paa, amesimama Papa Raphaël kama alivyoagizwa, pamba imejaa shavuni, ganzi imemlaza ulimi, simu sikioni, machozi ya uchungu wa kutoeleweka yakimtoka. Kijana mmoja wa toleka alimpakia nyuma ya baiskeli na kumzungusha mpaka mbele, na watu walipomwona akipunga mkono, mate mekundu yakichuruzika kwenye shati, walicheka hadi wakashikana. Lakini kicheko kile hakikutusaidia. Waliokuwa wanangoja waliona kidevu kile, wakaondoka mmoja mmoja. Na neno lilikuwa limekwisha kuvuka kwenda Mangobo: "Kule kwa Docta Furaha, batu banaingia, habatoke."

Siku zilizofuata chumba cha rangi ya jani la muhogo kilikuwa kizuri sana, na kitupu. Mgonjwa mmoja mmoja aliyekuja aliketi karibu na barabara, miguu imeelekea nje. Tonton alikuja na watu wawili wa kampuni ya vinywaji. Walipima sakafu kwa hatua, wakahesabu makreti kwa vidole, mmoja akagonga ukuta wangu kwa ngumi kuona kama utahimili. Docta Furaha alisimama kando ya kiti chake akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, hana wa kumtibu. Hakulia. Alikuwa anapanga vyombo visafi juu ya vyombo visafi.

Walipoondoka aliniambia, "Mama, tufunge ule mulango wa nyuma. Batoke mbele, na damu yao, basi."

"Na wale watakaokimbia?"

"Sijuwi. Donc tufanye nini?"

Nikachukua kigoda. Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha mgonjwa, nimesimama mahali pa daktari, lakini kwenye benchi la wanaongoja nilikuwa nimekaa kupima urefu wa magoti tu, si kungoja. Asubuhi iliyofuata nilienda kukaa kati ya wagonjwa wa hospitali moja ya mji, si ya meno, nikakaa kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Niliangalia macho. Ukuta ungeweza kuwa na rangi ya dhahabu, hakuna aliyeuona. Macho yote yalikuwa mlangoni. Mlango ulipofunguka, watu waliinuka kidogo, wote, hata wasiohusika. Mgonjwa alipotokea, watu wake walimpokea, wakamshika kiwiko, wakamtazama uso. Na wale wengine wakashusha pumzi, kana kwamba naye ni wao. Mzee mmoja mgeni kabisa akamwambia yule aliyetoka: "Umetoka, mama? Aksanti Mungu." Akajibiwa: "Nimetoka, papa."

Ndipo nikaelewa tulichokuwa tumejenga. Mgonjwa wa hapa si mali yake mwenyewe. Ni wa wale waliomleta, na daktari anamwazima tu. Mlango wetu ulimchukua mtu kwa watu wake bila kuwarudishia.

Nilirudi mbio kwa Docta nikamweleza. Akasikiliza, kalamu mdomoni, kisha akaanza kutembea huku na huku.

"Sawa. Lakini mimi niko na kasoro yangu pia," akasema. "Mutu akitoka, inafaa abaki na mimi kidogo. Pamba ikazwe, damu isimame, nimuangalie tena. Nilikuwa ninamutuma kichochoro mapema. Kama iko mahali pa kukaa pale kiwanjani…"

"Mahali pa kukaa," nikasema, "na panaonekana."

"Lakini damu isionekane."

"Damu isionekane. Mutu aonekane."

Tulitazamana. Wadogo zangu, katika kazi hii kuna furaha nyingi ndogo, rangi inayokauka sawasawa, droo inayoteleza. Lakini ile saa ambapo watu wawili wanaona chumba ambacho bado hakipo, na wanaona kile kile, hiyo haina jina. Tukapiga magoti sakafuni, tukachora kwa chaki.

Ilikuwa hivi. Mlango wa kutokea ubaki pale pale. Lakini hatua mbili kutoka mlangoni tusimamishe kiukuta kifupi, juu kidogo ya kichwa. Nyuma yake kuwe na beseni, bomba, kioo na taulo safi. Mgonjwa anatoka, anajikuta peke yake na sura yake. Ananawa kidevu, anapangusa machozi, anarudi kuwa mtu. Kisha anapita kiukuta, na hapo kuna benchi chini ya paa, kiwanjani, penye upepo. Na ule ukuta mzima uliotenga kiwanja na chumba cha kungojea tuuvunje, mahali pake tujenge kwa matofali ya matundu, yale ambayo waashi wanayaita klostra. Waliokaa ndani wamwone aliyetoka. Watu wake wazunguke wakae naye, Docta awe anachungulia na kukagua pamba.

Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha, na simenti haiharakishwi na mtu. Papa Kasongo, akiwa amekaa kwenye kiti chake nyumbani, alitutengenezea kalibu ya mbao kwa ajili ya matofali yale, akiwatukana wanawe kila pembe ilipopinda. Tulimimina wenyewe, Docta akiwa na glavu zake za kutibia hadi zikachanika, tukayafunika matofali kwa magunia yenye maji, yakauke polepole yasipasuke. Matundu niliyapima kwa watu: niliwaketisha wafupi na warefu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, nikaweka alama pale macho yao yalipo wakiwa wamekaa. Pale tundu liwe pana. Juu na chini liwe dogo, jua na mvua zisiingie. Mpira wa maji tukaushika mimi na Docta, yeye ncha hii, mimi ile. Tulipatana.

Tulifungua tena. Asubuhi ya kwanza hakuja mtu. Tonton alikuja, akatazama ukuta wenye matundu, akasema, "Muzuri kwa depo, bia inataka hewa." Nilitamani kumpiga na mpira wa maji.

Kabla ya adhuhuri tulisikia sauti ikitokea barabarani kabla ya mwenye sauti. Mama Bernadette. Nyuma yake Papa Raphaël, dada zake wawili, wauza samaki wenzake, na toleka zaidi ya nilizoweza kuzihesabu. Shavu la kushoto la Mama Bernadette lilikuwa limevimba kama embe. Alikuwa na jino bovu lake mwenyewe tangu siku ile ya vurugu, akalificha, akatafunia upande mmoja kwa kiburi, mpaka jino likamshinda.

Akasimama katikati ya chumba. "Docta, nimekuja. Usifikiri niko naogopa."

"Karibu, mama."

"Ninyi!" akawageukia watu wake. "Muangalie muzuri. Kama sitoke, mubomoe hii nyumba."

"Nyumba iko yangu!" tonton akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Basi omba nitoke," akamjibu, akaingia.

Watu hawakuketi. Walijibandika kwenye klostra kama popo, jicho moja kila tundu, na wale waliokosa tundu wakasimulia walichokuwa hawakioni. Nilisimama nyuma yao. Kutoka ndani tulisikia kimya, kisha kicheko kilichozibwa, nikajua amemwona mbuzi kwenye toleka. Papa Raphaël alikuwa anazungusha kofia yake mikononi kama usukani.

Mlango wa kutokea ukalia. Hatukuona kitu, kiukuta kilimficha. Tukasikia bomba likifunguliwa, maji, bomba likifungwa. Mama Bernadette hakuwa na haraka na kile kioo. Ndipo akapita kiukuta.

Uso umenawa, kitambaa cha kichwa kimefungwa upya, kwa uzuri kuliko alivyoingia nacho. Pamba shavuni. Akatutazama kupitia matundu, akajaribu kusema, ulimi ukakataa. Yeye, mwanamke ambaye sauti yake ilivuka soko! Basi akainua mikono yote miwili juu, akafumbua viganja, akatikisa mabega, akacheza pale pale mbele ya benchi.

"Ametoka!" akalia Papa Raphaël. "Bernadette ametoka!"

Chumba kililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, kengele za toleka zikalia nje, mtu akaanza wimbo na wengine wakaupokea. Papa Raphaël alizunguka mbio akaketi kando ya mkewe, akamshika kiwiko, akamtazama uso. Ilikuwa nafasi yake adimu ya kuongea bila kujibiwa, na aliitumia vizuri. Kabla vumbi la ngoma ile halijatulia, mmoja wa wauza samaki alikuwa amemwendea Docta: "Na mimi iko jino moja hapa…" Nyuma yake mwingine. Nyuma yake kijana wa toleka, amevua kofia.

Tonton alibaki mlangoni muda mrefu. Kisha akaja kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, mkono shavuni, "Mama Rido, kama mutu iko na gego ya zamani, anangoja siku mingapi?" Nikamwelekeza kwenye benchi, mwisho kabisa wa mstari. Depo ya bia ilipata nyumba nyingine. Docta Furaha hajaondoka Kisangani, na leo ana wenzake wawili aliowafundisha mwenyewe njia ya kichafu na kisafi.

Tangu siku ile ikawa desturi, na hakuna aliyeiandika ukutani. Anayetoka hunawa, hupita kiukuta, huinua mkono. Chumba humjibu. Wamekuja watu kutoka zahanati nyingine kupima matundu yangu kwa sentimita, na nimewaachia. Lakini nimewaambia, kama ninavyowaambia ninyi, wasichukue vipimo vya macho ya watu wa Makiso. Wakaketishe watu wao.

Juzi juzi jino langu mwenyewe liliniamsha. Nilikwenda na binti yangu, shemeji, na jirani aliyekuwa anapita. Nililala kwenye kile kiti, safari hii bila kupima. Nilimwona mbuzi na polisi wake. Niliona pia kwamba kiungo kimoja cha tripleksi, juu ya soko, hakikunyooka, na kwa kuwa kinywa changu kilikuwa wazi sikuweza kumlaumu mtu.

Docta alinitoa jino, akanikaza pamba, akanifungulia mlango. Nikasimama nyuma ya kiukuta, mahali nilipopachora kwa chaki kwa mkono wangu, ambapo sijapata kusimama hata siku moja kama mgonjwa. Nilinawa. Kwenye kioo nilimwona bibi mmoja amevimba shavu, kilemba kimepinda. Nikakinyoosha. Kutoka upande wa pili wa matundu nilisikia watu nisiowajua, wakiongea, wakinyamaza, na mmoja akauliza: "Ule mama muzee, ameisha kutoka?"

Nikapita kiukuta. Nikainua mkono.